Seva ya Kaunta

Mwaka 2008, katika kafe moja ya intaneti pale Levolosi, si mbali na soko la Kilombero, kulikuwa na kompyuta nane na seva moja. Seva yenyewe ilikuwa kompyuta ya kaunta, ileile iliyohesabu dakika zetu na kuchapa barua za maombi ya kazi. Kaka aliyesimamia kafe aliweka humo programu ya SA-MP. Sisi tuliandika anwani yake, nukta pacha, kisha 7777, na wote tukajikuta ndani ya San Andreas moja.

“Madogo, umeme ukikatika msinidai hela,” alikuwa akisema. Ulikatika sana.

Gemu lenyewe, Grand Theft Auto: San Andreas, lilitoka kwenye PlayStation 2 mwaka 2004, na kwenye kompyuta mwaka uliofuata. Waliolitengeneza hawakuweka njia ya kulicheza mtandaoni. Kazi hiyo ilifanywa na mashabiki. Kundi la Multi Theft Auto lilikuwa limeanza na GTA III mwaka 2003. SA-MP ikaja mwaka 2006. Yeyote mwenye kompyuta ya kawaida aliweza kufungua seva yake na kujitungia sheria.

Historia za jamii hizi husimuliwa kwa ukubwa. Tunaambiwa SA-MP ilifika mahali seva moja ikabeba wachezaji 1,000 kwa wakati mmoja, na kwamba kulikuwa na miji mizima yenye polisi, madereva teksi na mahakama. Kwa kipimo hicho, watoto wanane wa Levolosi hatuhesabiki. Mimi nakikataa kipimo hicho, na sababu yangu ya kwanza ni ya kifizikia. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam Julai 2009, intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti iliyo takribani kilomita 36,000 juu. Ujumbe kupanda na kushuka, kisha jibu nalo kupanda na kushuka, ni karibu nusu sekunde hata kama kila kitu kiko sawa. Ukimlenga mtu aliye kwenye seva ya Ulaya, unalenga mahali alipokuwa. Kwetu seva kubwa ilikuwa kitu cha kutazama tu. Seva ya kucheza ilikuwa ile ya kaunta, iliyofanya kazi hata siku ambazo hakukuwa na intaneti kabisa.

Na ilikuwa seva kamili. Kaka alijifunza lugha ya Pawn kwa kufungua kazi za wengine na kubadilisha mstari mmoja mmoja. Akatutengenezea daladala yenye vituo na nauli. Konda asiyerudisha chenji alifungiwa dakika tano. Mlima Chiliad tuliuita Meru. Nimecheza magemu mengi tangu hapo, yenye picha nzuri mara mia, na sijaona tena mtu akilichukua jiji la kubuni la Wamarekani na kuligeuza Arusha kwa ustadi ule.

Kisha kaka akapata kazi Dar. Mwenye kafe akaifomati kompyuta ya kaunta kwa sababu ilikuwa nzito. Kwa miaka mingi nilimlaumu yeye. Siku hizi naona kosa lilikuwa letu pia: faili lile lingeenea kwenye flashi yoyote, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliomba. Neno la siri la seva alikuwa nalo kaka peke yake, nasi tulipenda iwe hivyo. Alikuwa shujaa wetu.

Ndiyo maana kasoro kubwa ya SA-MP naielewa kama mtu anayeijua kwao. Iligawa madaraka chini na kuyabana juu. Kila mwenye seva alikuwa mfalme wa jiji lake, lakini msimbo wa programu yenyewe ulibaki kwa aliyeitengeneza. Kazi yake ilipopungua na hatimaye kusimama, maelfu ya seva zilitegemea kitu ambacho wenyewe hawakuruhusiwa kukirekebisha. Multi Theft Auto walikuwa wameweka msimbo wao wazi. Upande wa SA-MP, mashabiki walilazimika kuandika seva upya kuanzia mwanzo, wakaiita open.mp, na wakahakikisha kazi za zamani za Pawn zinaendelea kufanya kazi ndani yake. Kilichonusurika ni kile ambacho watu walikuwa na nakala yake. Mapenzi ya wachezaji, ambayo historia hizi huyasifu sana, yalikuwepo Levolosi pia, na hayakuokoa kituo hata kimoja cha daladala.

Pale palipokuwa na kafe sasa wanauza makava ya simu. Madogo wa mtaani wanacheza kwenye simu zao, kwenye seva za kampuni, bila kukwama. Hakuna kati yao anayeweza kuuita mlima Meru.

Mwezi uliopita nilipakua open.mp nikajaribu kuiandika upya njia ile ya daladala. Nilikumbuka vituo vinne. Kabla sijalala, faili nililituma kwa watu wawili.