Majuto Bila Kumbukumbu: Upokezi wa Wachezaji na Suala la Umiliki wa Hadithi katika Dragon Age: The Veilguard

Mhakiki aliyelelewa na riwaya, tamthilia na utendi huenda akashangaa kuombwa autazame mchezo wa video kama matini. Hata hivyo, tangu Espen Aarseth alipochapisha Cybertext mwaka 1997, si rahisi tena kudai kwamba kazi ambayo msomaji wake hulazimika kutenda ili isonge mbele iko nje ya mipaka ya taaluma yetu. Wala hatuwezi kujitetea kwa kusema kwamba michezo hii ni ya wageni: Tales of Kenzera: Zau, ulioongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ulitolewa Aprili 2024 ukiwa na sauti za Kiswahili. Makala haya lakini yanashughulikia kazi nyingine ya mwaka huo huo, iliyogawanya wapokezi wake vibaya zaidi. Nayo ni Dragon Age: The Veilguard ya kampuni ya BioWare ya Kanada, iliyotolewa tarehe 31 Oktoba 2024. Tunanuia kuonyesha kwamba katika kelele za wachezaji mlikuwamo hoja ya kiuhakiki yenye uzito, na kwamba hoja hiyo haikusikika vyema kwa sababu ilizungukwa na hoja nyingine zisizostahili kuitwa uhakiki.

Veilguard ni mchezo wa nne katika mfululizo ulioanzishwa na Dragon Age: Origins mwaka 2009, ukafuatwa na Dragon Age II mwaka 2011 na Inquisition mwaka 2014. Mandhari yake ni bara la kubuni liitwalo Thedas, ambamo ulimwengu wa watu umetengwa na ulimwengu wa ndoto na roho kwa pazia la kisihiri. Pazia hilo lilitundikwa na Solas, mungu wa kale wa jamii ya Waelfi, ambaye katika mchezo wa tatu alijificha miongoni mwa maswahiba wa mchezaji. Sasa anataka kulipasua. Mchezaji anaivaa nafsi ya Rook, anakusanya maswahiba saba, na anajaribu kumzuia Solas pamoja na miungu wawili waovu waliofunguliwa kwa ajali wakati wa kumzuia.

Michezo ya aina hii, ambamo mchezaji huigiza nafsi anayoiunda mwenyewe, ina sifa moja inayoitofautisha na riwaya. Maamuzi ya mchezaji huwa sehemu ya matini. Katika Origins mchezaji aliamua nani akalie kiti cha enzi cha Ferelden. Katika Inquisition aliamua nani anywe maji ya Kisima cha Huzuni na nani atawazwe kiongozi mkuu wa dini. Maamuzi haya hayakuachwa yafe mchezo ulipokwisha. Yaliweza kuingizwa katika mchezo uliofuata, na mwaka 2014 BioWare ilitengeneza ghala la mtandaoni, Dragon Age Keep, kwa madhumuni hayo hasa. Tukitafuta mfano wa karibu katika fasihi yetu, hatutaupata katika ngano, ambamo hadhira huitikia “pakawa” na kisha kumwachia mtambaji uwanja. Tutaupata katika ushairi wa majibizano. Tungo nyingi za Muyaka bin Haji hazieleweki ipasavyo pasipo kujua kwamba zilirushwa kwa wapinzani na kwamba jibu lilitarajiwa. Shairi la namna hiyo likikosa jibu halijakamilika, hata kama beti zake zote zipo.

Kwa miaka mitano ya mwanzo, na kisha kwa kumi ya kungojea, wachezaji wa Dragon Age walirusha tungo zao. Veilguard ilijibu tatu tu. Mwanzoni mwa mchezo mtu anaulizwa ni nani aliyependwa na Inquisitor, yaani shujaa wa mchezo uliotangulia. Kama Inquisitor alilivunja jeshi lake au alilihifadhi. Na kama aliapa kumzuia Solas kwa vyovyote vile au kumwokoa. Mengine yote yamefunikwa kwa kimya. Morrigan, mwanamke mwenye sihiri ambaye katika mchezo wa kwanza huenda alizaa mtoto mwenye roho ya mungu, anatokea humu akizungumza kana kwamba hajawahi kuwa na mtoto wala kisima. Nchi za kusini zilikotendeka hadithi mbili nzima zinaangamia kwa tauni ya giza, na habari za maangamizi hayo zinamfikia mchezaji kwa barua na maneno ya kupita.

Hans Robert Jauss alitufundisha kwamba kila kazi hupokelewa dhidi ya upeo wa matarajio uliojengwa na kazi zilizoitangulia, na Stanley Fish kwamba maana huzaliwa ndani ya jumuiya za ufasiri. Nadharia zote mbili zinatusaidia kueleza mgawanyiko uliotokea. Wahakiki wa magazeti kwa jumla waliusifu mchezo huu: mapigano yake ni mepesi na ya kasi, mandhari yake yanapendeza, na ulitolewa ukiwa umekamilika, jambo ambalo si la kawaida tena katika tasnia hiyo. Wachezaji wapya, wasiokuwa na tungo zilizongoja jibu, wengi wao walifurahi pia. Waliolalamika kwa uchungu walikuwa wakongwe. Pamoja na hayo, Agosti 2023 Baldur's Gate 3 ya kampuni ya Larian ilikuwa imekwisha kuusukuma upeo wa matarajio mbali mno, kwa kumruhusu mchezaji kufanya karibu kila ovu na kila jema alitakalo na kuyakumbuka yote.

Hapa hatuna budi kutenga malalamiko ya aina mbili. Wako watu walioikataa Veilguard kabla ya kuigusa. Filamu fupi ya kuutangaza mchezo ilipotolewa Juni 2024 walikwisha kuichukia, na baadaye chuki yao ikamwangukia swahiba mmoja, Taash, ambaye katika hadithi anagundua kwamba hajioni kuwa mwanamume wala mwanamke. Kwamba mhusika wa namna hiyo yupo si kosa la kisanaa, na anayelifanya liwe kosa hatoi uhakiki bali anatangaza itikadi yake. (Yafaa tuseme hapa kwa kupita kwamba mvutano mzima wa viwakilishi unaoendeshwa katika mazungumzo ya Taash haungeweza kuandikwa kwa Kiswahili. Kiambishi “a-” hakijawahi kumuuliza mtu jinsia yake.) Ila kuna kasoro ya kweli katika usawiri wa Taash, na wanaomtetea kwa pupa huipuuza. Dayolojia yake mara kwa mara hugeuka somo la darasani. Aidha, baada ya kumwacha akatae kuchagua baina ya pande mbili za jinsia, hadithi inamtaka mchezaji amsukume achague upande mmoja wa utamaduni, wa Waqunari au wa watu wa Rivain, kana kwamba mtu aliyelelewa kati ya tamaduni mbili hawezi kuishi na zote. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa kwa nini jambo hili linachekesha.

Mchanganyiko huu wa hoja halali na hoja batili si mgeni kwetu. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, waliompinga walisema tungo zake hazina vina wala mizani, na hoja hiyo ya fani ilibeba ndani yake hoja nyingine, nzito zaidi: nani mwenye ushairi wa Kiswahili, na nani ana haki ya kuubadilisha. Mjadala uliendelea kwa miaka mingi kwa sababu kila upande uliijibu hoja moja huku ukiiogopa ya pili. Ndivyo ilivyokuwa kwa Veilguard. Watetezi walizijibu chuki, na kwa kuzijibu wakaona wamemaliza kazi.

Malalamiko mengine ya wakongwe yanahusu toni, nayo yanatuelekeza mahali penye uzito zaidi. Rook hawezi kuwa mwovu. Anaweza kusema kwa upole, kwa mzaha au kwa ukali kidogo, lakini hawezi kumsaliti mtu wala kumfukuza swahiba kwa hasira. Maswahiba wenyewe hugombana juu ya mambo madogo na kupatana upesi. Kundi la wauaji liitwalo Makunguru wa Antiva, ambalo katika Origins tulielezwa kwamba hununua watoto na kuwatesa hadi wawe silaha, hapa limekuwa familia ya wazalendo wanaoutetea mji wao. Hatusemi kwamba kila fantasia lazima iwe na giza. Tunasema kwamba ulimwengu uliokwisha kuelezwa kuwa na giza haupaswi kuoshwa pasipo mtu yeyote ndani yake kuuliza nani aliyeuosha.

Mfano ulio mkali zaidi ni Minrathous. Ndio mji mkuu wa Tevinter, dola ambayo tangu mwaka 2009 tumeambiwa imejengwa juu ya migongo ya watumwa. Katika Dragon Age II tulikutana na Fenris, mtoro kutoka huko, ambaye bwana wake alimchora mwili mzima kwa madini ya kisihiri na kumfanya chombo. Wachezaji walingoja kuufikia mji huo kwa muda mrefu. Wanapoufikia, utumwa unatajwa, na lipo kundi linalopigania kuwakomboa watumwa, lakini mtumwa mwenyewe ni nadra kuonekana njiani, na soko lake halionekani kamwe katika maisha ya kila siku ya mji. Kwa msomaji wa pwani yetu, ambaye historia ya utumwa kwake si fantasia, hili ni zaidi ya dosari ya mandhari. Mji ulioficha watumwa wake ni jambo linaloweza kuandikwa vizuri sana, lakini ingebidi matini yajue kwamba kuna kilichofichwa. Matini ya Veilguard hayaonyeshi kujua.

Twende sasa kwenye hoja yetu kuu. Dhamira ya Veilguard ni majuto. Solas ni mungu wa majuto: michoro ya ukutani anayoiacha nyuma ni kumbukumbu za makosa yake, na mchezaji huipitia mmoja baada ya mwingine ili amwelewe. Karibu na mwisho, Rook ananaswa katika gereza la kisihiri linalomshikilia mtu kwa majuto yake mwenyewe, na hatoki hadi akubali kuyabeba. Na hapo ndipo siri inapofichuliwa. Varric, swahiba mzee aliyechomwa kisu na Solas mwanzoni mwa mchezo, ambaye tumekuwa tukizungumza naye kitandani akipona, alikufa siku ile ile. Solas alitumia sihiri ya damu kumdanganya Rook, na mchezo ukatumia usimulizi kutudanganya sisi.

Mbinu hii ni ya hali ya juu, tena ina kina kwa anayekumbuka. Varric ndiye aliyesimulia Dragon Age II. Mchezo ule unaanza na yeye akihojiwa, na sehemu ya kwanza tunayoicheza ni uwongo wake wa kutia chumvi, hadi anayemhoji anamkemea na hadithi inaanza upya. Msimulizi asiyeaminika wa mwaka 2011 anageuzwa mwaka 2024 kuwa msimulizi asiyekuwapo. Ukweli mmoja wa nje ya matini unaongeza uchungu: Mary Kirby, mwandishi aliyemwandika Varric, alikuwa miongoni mwa watu wapatao 50 walioachishwa kazi na BioWare mnamo Agosti 2023, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya mchezo kutolewa.

Lakini tazama kinachodaiwa hapa. Mchezo unamwambia mchezaji kwamba hawezi kusonga mbele pasipo kuyatazama aliyoyatenda. Aliyoyatenda yako wapi? Nani alikalia kiti cha enzi, nani alikunywa kisimani, nani aliachwa afe katika ulimwengu wa ndoto mwaka 2014: hayo ndiyo majuto halisi ya mchezaji wa mfululizo huu, na yote yamefutwa. Rook ana majuto aliyopewa na mchezo wenyewe ndani ya saa chache, kama vile uamuzi wa kuuokoa mji wa Treviso au Minrathous majoka yanapoishambulia yote miwili kwa wakati mmoja. Uamuzi huo una nguvu, na athari zake kwa Neve au Lucanis zinaonekana. Unatosha kwa mgeni. Mkongwe anaombwa alie kwenye msiba ambao jina la marehemu halitajwi.

Wengine wamejibu kwamba mwandishi ana haki ya kuimaliza hadithi yake apendavyo, na kwamba mchezaji anayedai kila uamuzi wake uheshimiwe anaifanya sanaa mateka. Haki hiyo tunaikubali. Kama Veilguard ingesema waziwazi kwamba ya kale yamekwisha na hapa tunaanza upya, kusingekuwa na deni. Tatizo ni kwamba inawaita watu wa kale kwa majina, Morrigan, Isabela, Varric, Inquisitor mwenyewe, inawakalisha barazani, kisha haiwaulizi habari za nyumbani. Sababu za kiuchumi zipo na zinajulikana. Mchezo huu kwa muda ulikusudiwa kuwa wa watu wengi kucheza pamoja mtandaoni, kabla ya kurejeshwa kuwa wa mchezaji mmoja, na historia binafsi ya kila mtu haikai vizuri katika mpango wa namna hiyo. Januari 2025 Electronic Arts, wachapishaji wake, walitangaza kwamba mchezo uliwavutia wachezaji wapatao milioni 1.5 katika robo ile ya mwaka, karibu nusu ya waliotarajiwa, na mwezi huo huo BioWare ikapunguza wafanyakazi tena. Hata hivyo sababu ya kasoro si utetezi wake. Hatujawahi kuisamehe riwaya kwa kuwa mchapishaji alikuwa na haraka.

Upo ushahidi ndani ya mchezo wenyewe kwamba mambo yangeweza kuwa vingine. Mojawapo ya maamuzi matatu yaliyohifadhiwa ni mapenzi ya Inquisitor, na kwa mchezaji ambaye mwaka 2014 alimfanya Inquisitor wake Mwelfi aliyempenda Solas, uamuzi huo unajibiwa kikamilifu. Katika mwisho ambapo Solas anashawishiwa badala ya kupigwa au kuhadaiwa, mwanamke huyo anaweza kumfuata na kuingia naye katika ulimwengu wa roho, kuubeba pamoja mzigo wa pazia. Wachezaji wa kundi hilo ni miongoni mwa walioutetea mwisho wa Veilguard kwa moyo zaidi, wakiwamo waliokerwa na mengi yaliyoutangulia. Mandhari ni yale yale na waigizaji ni wale wale. Kwao tu shairi lilijibiwa.