Umejuaje? Uhakiki wa Ufikishaji wa Matokeo ya Akiolojia ya Kilwa kwa Jamii

Mafunzo ya watafiti chipukizi kuhusu kuzungumza na hadhira isiyo ya kitaaluma huelemea zaidi upande wa kurahisisha matokeo. Uhakiki huu unadai kuwa kurahisisha pekee hakutoshi, na Kilwa Kisiwani ni ushahidi.

Tarihi ya Kilwa inamtaja Ali bin al-Hasan, aliyetoka Shirazi na kukinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote. Kwa kuifuata, ujio wake uliwekwa katika karne ya 10. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, aliusogeza hadi mwishoni mwa karne ya 12, akizingatia tabaka za udongo zilimopatikana sarafu zenye jina la mtawala huyo. Kitabu chake cha mwaka 1974, chenye majalada mawili, kiliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 1984 hazina ya sarafu ilipatikana Mtambwe Mkuu, Pemba. Humo, sarafu za fedha zenye jina la Ali bin al-Hasan zilichanganyika na dinari za dhahabu, ya karibuni zaidi ikiwa ya mwaka 1066. Mark Horton na wenzake wakairudisha tarehe hadi karne ya 11.

Mtafiti aliyefunzwa kurahisisha tu atataja tarehe moja na kunyamaza. Mwenyeji anayetembeza wageni magofuni, aliyeambiwa karne ya 12 kisha ya 11, ana haki ya kuuliza kwa nini amwamini mtaalamu kuliko wazee wake. Swali hilo halitokani na ujinga. Ndilo swali la kisayansi lenyewe: umejuaje? Jibu lake linaelezeka kwa Kiswahili cha kawaida. Hazina haikuweza kufukiwa kabla ya dinari yake ya mwisho kutengenezwa, na kukosekana kwa dinari za baadaye kunaashiria kuwa haikukawia sana. Yeyote aliyewahi kuweka akiba ataifuata hoja hiyo bila istilahi. Tena ataweza kuipinga: je, Ali wa sarafu za Pemba ndiye Ali wa Kilwa?

Kwa hiyo, kumpima mtafiti chipukizi kwa kuangalia tu iwapo msikilizaji ameikariri tarehe ni kupima nusu ya kazi. Mafunzo yamfundishe kuweka ushahidi mbele ya watu pamoja na udhaifu wake, ili wenye kisiwa washiriki katika mjadala wa historia yao.