Bluu ya Lærdal haifai kila mahali

Handaki la Lærdal nchini Norwe lina urefu wa kilomita 24.5, na kulipita kwa gari huchukua kama dakika 20. Kwa muda huo wote dereva yumo ndani ya mwamba: mmoja husinzia, mwingine hushikwa na hofu ya kufungiwa. Kabla halijafunguliwa mwaka 2000, wahandisi walikaa na wanasaikolojia wakatafuta dawa.

Wakachonga kumbi tatu pana, mmoja kila baada ya kilomita 6 hivi. Njiani taa ni nyeupe. Ukiingia ukumbini, kuta na dari zinawaka bluu, na chini pembeni zimefichwa taa za njano, hata jicho linadhani ni alfajiri. Hapo unaweza kusimama ukapumua.

Wengi waliona picha za kumbi hizo wakasema bluu inatuliza. Mimi naona kinachotuliza ni mabadiliko: dereva anajua amefika wapi na kumebaki kiasi gani.

Bluu yenyewe si dawa: taa hizo zikihamishiwa, tuseme, kwenye makazi ya dharura, katika ukumbi wanakolala waliokimbia mafuriko, zitawaumiza. Ndani ya jicho mna seli zinazouarifu ubongo kwamba ni mchana, nazo huamshwa hasa na mwanga wa bluu, wa takriban nanomita 480. Zikiamka usiku, mwili hupunguza melatonini, homoni ya usingizi. Na mtu aliyekesha usiku wa tatu hatulizwi na rangi yoyote.

Mchana, basi, ukumbi uangazwe kwa mwanga mweupe. Usiku zibaki taa hafifu za rangi ya chungwa, zifungwe chini, usawa wa goti, kuelekea chooni, mama ampeleke mtoto bila kukanyaga waliolala. Atakayetumia taa nyekundu badala ya hizo, mwanga wake usifike kabisa kwenye kona ya huduma ya kwanza, kwa sababu chini yake damu haionekani vizuri kwenye ngozi, na muuguzi anaweza kuchanganya vidonge. Hapo iwekwe taa nyeupe, nyuma ya pazia zito.

Lakini kabla ya rangi kuna umeme. Mwaka 2005, kimbunga Katrina kilipokata umeme katika uwanja wa Superdome, New Orleans, maelfu waliojihifadhi humo walibaki na taa hafifu za jenereta, bila viyoyozi. Anayeandaa makazi ya dharura anunue kwanza betri na mafuta ya jenereta, ndipo achague rangi.