Mshale Uelekee Injini

Impreza ya mwaka 1998 imeegeshwa chini ya mwembe, boneti wazi tangu saa mbili asubuhi, na fundi hajagusa spana bado. Ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikononi ana filta mbili za petroli, anazigeuzageuza kama mtu anayechagua nazi sokoni. Mwenye gari hushiriki rali za wikendi. Pampu iliyo tangini sasa inasukuma lita 255 kwa saa, na injekta ni kubwa kuliko zile za kiwandani. Imebaki filta.

Ya kwanza, aliyoinunua mteja mwenyewe, ni ya alumini ya buluu, inang'aa. Ndani yake mna wavu wa chuma wa mikroni 100. "Hii mahali pake ni kabla ya pampu," fundi ananiambia. Baada ya pampu anataka mikroni 10. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi, kwa hiyo wavu ule ungepitisha mengi, na vumbi la Naivasha, linaloingia tangini watu wakimimina petroli kwa mitungi kando ya njia, ni laini kama unga wa muhogo. Kubadilisha nafasi nako ni kosa: chujio la matundu madogo likitangulia, pampu huvuta kwa taabu, petroli hufanya mapovu, na presha huyumba.

Filta ya pili haina pambo lolote. Ni ndefu, nzito kidogo, na kitambaa chake cha nyuzi za kioo kimekunjwa mikunjo mingi ili petroli ipate eneo pana la kupita. Karatasi ingetosha kwa petroli ya kawaida, lakini mteja ana ndoto ya mafuta yenye ethanoli nyingi, na hayo huilegeza karatasi. Ile ya buluu inarudishwa kwenye boksi lake.

Mimi ningeanza kwa spana, na ningelowa petroli mpaka kwapani. Yeye anafungua kifuniko cha tangi, tangi lipumue. Anachomoa waya wa pampu, anawasha injini na kuiacha inywe kilichobaki kwenye mabomba. Injini inakohoa, inazima. Anapiga stata mara mbili zaidi, kisha anatoa waya wa betri, ule wa hasi. Hata hivyo anafunika kiungo kwa kitambaa kabla ya kukilegeza, na kitambaa kinalowa kidogo tu.

Filta kuukuu anaigonga taratibu juu ya bakuli jeupe, akiimwaga kupitia upande wa kuingilia. Inatoka petroli ya rangi ya chai ya rangi, chembe za kutu, na tone moja la maji linalozunguka chini kama shanga. Analitazama muda mrefu. Halafu anamwagiza kijana wake akasafishe tangi kabla ya jambo lingine lolote, na saa mbili nzima zinapita hivyo. Hakuna anayelalamika, isipokuwa mimi, kimoyomoyo.

Mpira wa petroli anaukata kwa wembe mpya, kwa mkato mmoja ulionyooka; msumeno ungeacha unga wa mpira ndani. Anaupuliza hewa, anapaka tone la oili mdomoni, anausukuma mpaka ukome. Viungo vya alumini anavikaza kwa spana za alumini, zisivikwaruze. Hatumii tepu nyeupe, kwa kuwa koni ya nyuzi 37 hujifunga yenyewe chuma kwa chuma, na kipande cha tepu kikikatika huishia kwenye injekta. Kabla ya mkazo wa mwisho anapitisha kidole juu ya mshale uliochorwa kwenye filta. Unaelekea injini.

Waya wa pampu unarudi, kisha wa betri. Anawasha swichi bila kupiga stata. Pampu inanguruma sekunde mbili, inanyamaza. Anarudia mara tatu. Anazungusha karatasi ya chooni kwenye kila kiungo, kisha anaikagua juani. Ndipo injini inawaka, na geji inasimama karibu na bar 3 baada ya mpira wa vakyumu kuchomolewa kwenye regyuleta.

Nilidhani kazi imekwisha. Kesho yake asubuhi nilimkuta ameinama tena ndani ya boneti, injini ikiwa baridi kabisa, kwa sababu kuna kiungo kinachoziba kikiwa na joto na kuvuja kikipoa. Karatasi ilitoka kavu. Akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, akaenda kumpigia mteja simu.