Ukaribu wa Moyo katika Utenzi wa Mwana Kupona

Watu wawili waweza kulala chumba kimoja na kula sahani moja, na kila mmoja asijue mwenzake ana dhiki gani. Kukaa pamoja ni jambo la mahali. Kukaribiana kwa moyo ni jambo la kujifunza. Miongoni mwa tenzi zetu za kale, Utenzi wa Mwana Kupona wafunza jambo hili vizuri, ingawa wengi huusoma kwa sababu nyingine.

Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, aliutunga mwaka 1858 ili kumwusia bintiye, Mwana Hashima. Mumewe, Bwana Mataka, aliyekuwa mtawala wa Siyu, alikuwa amefariki mwaka 1856. Mwana Kupona mwenyewe alikuwa mgonjwa, akafariki miaka michache baadaye. Utenzi una beti zipatazo mia. Ulipochapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1934, ulipewa jina la mawaidha juu ya wajibu wa mke. Jina hilo si la uongo, lakini huwafanya wasomaji wazione amri, wasimwone aliyezitoa.

Tuutazame mwanzo. Kabla ya kuamuru lolote, mama amwita binti asogee karibu, aje na wino na karatasi. Kisha amweleza hali yake: maradhi yamemshika mwaka mzima, wala hajapata wasaa wa kumpa neno jema. Wako wazee wengi waanzao kwa amri na kuificha hali yao, wakidhani kuwa kujificha ndiko kuheshimiwa. Mwana Kupona hakufanya hivyo. Aliijua hali yake, akaikiri, ndipo akausia. Wahenga walinena, “Mficha maradhi, kilio humfichua”. Yeye hakungoja kilio. Mtu asiyejua lililo moyoni mwake hana la kumpa mwenzake ila maneno matupu.

Mbele kidogo aizungumzia ndoa yake, na hapo sauti ya mwalimu yageuka kuwa sauti ya mjane. Asema kwamba mumewe alikufa akiwa radhi naye, na kwamba hajaacha kumlilia kila akumbukapo mazoea yao na wema aliomfanyia. Kinachomliza si cheo cha marehemu, bali mazoea. Neno hilo ni dogo, nalo lina uzito: ukaribu haujengwi kwa siku moja ya sherehe, hujengwa kwa mambo madogo yarudiwayo kila siku.

Hata hivyo, utenzi una upungufu ambao mhakiki hana budi kuutaja. Binti aambiwa amtunze mume kama mtoto asiyejua kusema. Mfano huu ni mzuri kwa kuwa wafunza kuisoma haja ya mtu kabla hajaitamka. Lakini mtoto mchanga hana ulimi wa kujieleza. Mtu mzima anao. Mke afundishwa kuusoma moyo wa mumewe, wala hatusikii mume akihimizwa kuusoma wa mkewe. Yawezekana kujibiwa kwamba mama alimwusia binti, si mwana wa kiume, naye aliandika kwa desturi na imani ya wakati wake. Jibu hilo ni la haki, ila halitutoshelezi sisi tusomao leo, wavulana kwa wasichana. Ukaribu ambao mmoja hunyamaza na mwenzake hukisia tu, mwisho huwa mzigo wa mtu mmoja.

Na dawa ya upungufu huo imo katika utenzi uo huo. Mama aliyemfundisha binti kumsoma mtu asiyesema, yeye mwenyewe alianza kwa kusema. Mwenendo wake wapita mfano wake.

Basi, mwanafunzi, usomapo utenzi huu usikome kwenye vina na mizani. Jiulize mwenyewe ni jambo gani hujalikiri hata moyoni mwako. Kisha umtazame rafiki yako, au ndugu yako nyumbani: je, mmesogeleana kweli, au mmekaa jirani tu? Ukiwa na la kumwambia, mwambie angali yupo. Mwana Kupona alibakiwa na miaka michache tu, naye aliitumia vema.