Kina cha Maji, Kina cha Picha

Karibu kila picha ya kidijitali ya pwani ya kaskazini ninayokutana nayo siku hizi ina milima ileile mitatu. Imepangwa mmoja nyuma ya mwingine kama sahani kabatini: wa mbele kijani kilichokolea, wa kati kijani kinachoelekea bluu, wa mwisho bluu iliyofifia hadi inakaribia kuwa anga. Mbele yake pamewekwa mnazi, ngalawa, pengine na mama aliyejitanda kanga. Pembeni pameandikwa Tanga. Ufute mnazi, ufute na kanga, ubaki na mandhari ya nyuma peke yake; hapo ukiandika Uswisi hakuna atakayebisha.

Sisemi picha hizo ni mbovu. Nyingi zimetoka kwenye mikono hodari, na wachoraji wake wengi ni wa rika langu, watu wanaochora kwa kidole kwenye simu au kwa Krita, programu inayotolewa bure, kwenye kompyuta ya kuazima. Tasnifu yangu ya shahada ya umahiri inahusu swali moja tu: ni nini kinachomfanya mtazamaji aamini kwamba nyuma ya mtu aliyechorwa kuna mahali, na kwamba mahali hapo ni hapo na si pengine? Wenzangu darasani huona nimechagua jambo dogo. Mandhari ya nyuma ni pambo, wananiambia, hadithi iko kwa mhusika. Lakini vitabu vya picha vya watoto sasa vinachorwa kwa njia hii. Mtoto wa Pangani akifungua kitabu kinachosema habari za Pangani akakuta milima ya kigeni, atafundishwa bila neno moja kusemwa kwamba kwao hapachoreki.

Kanuni ya milima mitatu si ya uongo. Hewa hutawanya mwanga wa bluu zaidi kuliko mwekundu, hivyo kitu kilicho mbali hutufikia kimefunikwa na bluu ya hewa iliyo kati yetu. Leonardo da Vinci aliliandika hilo katika madaftari yake zaidi ya miaka 500 iliyopita, na wachoraji wa Ulaya wamelitumia tangu hapo. Programu za leo zimelirahisisha mno: kila mlima unapewa tabaka lake, unapunguza ukolezi, unaongeza bluu kidogo, unasonga mbele. Dakika kumi, kina kimepatikana.

Swali langu ni hewa ya wapi. Hewa ya Tanga imebeba mvuke wa bahari na chembe za chumvi, na matone na chembe kubwa za namna hiyo hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Kwa hiyo umbali wetu, siku nyingi, hauendi kwenye bluu. Unaenda kwenye weupe. Simama Muheza uitazame Usambara Mashariki asubuhi baada ya mvua ya masika: mlima uko karibu, kijani kizito, mikunjo yake yote inaonekana kana kwamba umeoshwa usiku. Urudi saa saba mchana joto likiwa limepanda. Mlima uleule umepauka kama shuka iliyofuliwa mara nyingi. Mchoraji anayeijua hali hii ana uchaguzi ambao kanuni haimpi, kwa sababu kwa kufifisha mlima ameshasema ni saa ngapi na ni msimu gani.

Jua nalo lina kesi yake. Tanga iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Kivuli cha nguzo hukaa miguuni mwa nguzo. Mafunzo mengi ya uchoraji yanakutaka ulaze vivuli virefu ardhini ili jicho livifuate kwenda ndani, na vivuli virefu vinataka jua la chini, basi wachoraji wetu wamehamia machweo. Jua linazama baharini katika picha baada ya picha. Pwani ya Tanga inatazama mashariki! Hapa jua huchomoza kutoka baharini. Labda usimame Raskazone ukageukia ghubani, na hata hapo litazama nyuma ya nchi kavu, ng'ambo ya maji. Kosa hili linanikera kuliko la milima, kwa sababu mtu aliyelala Tanga usiku mmoja analijua.

Najua mengine yanatoka wapi. Wengi tumekua na katuni za Kijapani, na mawingu yale makubwa ya kiangazi tunayaiga kutoka huko. Haya, tuige. Ila Kazuo Oga, aliyesimamia mandhari ya filamu ya Totoro ya mwaka 1988, alichora vilima vya Sayama vilivyo karibu na Tokyo, miti yake na udongo wake. Tumechukua mawingu yake tukaiacha kazi aliyoifanya ya kutazama.

Kuna picha moja niliyoirudia mara nyingi, ya msichana mchoraji ambaye simtaji kwa kuwa sijamwomba ruhusa. Ni bandari ya wavuvi maji yakiwa yamekupwa. Hakuna mlima ndani yake wala ukungu wowote. Mashua imelalia ubavu kwenye tope, mikoko iko kulia, na tope lote limejaa vidimbwi. Vilivyo karibu ni vipana, umbo la yai, unaona anga ndani yake. Vya kati vimebanwa. Vya mbali vimekuwa vistari vyembamba vyeupe, na baada ya hapo ni maji. Basi. Kina chote cha picha kimebebwa na vidimbwi, na hakuna kidimbwi kimoja kilichowekwa kwa bahati. Nina lawama mbili. Mashua ni safi mno kwa chombo kinachofanya kazi, na mwanga kwenye mikoko umetoka upande ambao anga haliukubali. Lakini nikiitazama naamini kwamba ningeweza kuteremka humo, na kwamba ningezama hadi vifundoni.

Mbele ya picha hii ndipo nilipoanza kulifikiria neno lenyewe. Kwa mtu wa pwani, kina ni cha maji kwanza. Nahodha hukisoma kwa rangi: fungu la mchanga lina weupe wa kijani, mwamba na majani ya bahari yana weusi wa kahawia, mkondo una bluu yake, na kilindi kina bluu isiyo na mchezo. Ukiangalia kutoka ufukweni rangi hizo hulala kama mikanda, mmoja juu ya mwingine, zina kingo zinazoonekana. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mikanda yote hupangwa upya ndani ya saa sita. Huu ni umbali usiohitaji ukungu hata kidogo.

Hapa ndipo huwa naambiwa: unajisumbua bure, sanaa yetu haina kina, tazama Tingatinga. Wengine husema hivyo kwa fahari, kwamba kina ni mambo ya Wazungu. Wengine husema kwa dharau, kwamba hatukukijua. Wote wananichosha. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga miaka ya 1950, kabla ya kwenda Dar es Salaam ambako mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora kwa rangi za baiskeli kwenye mbao za mraba. Sasa fikiria shamba la mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, ikasalia 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutoka hapo ikafunika nchi kwa safu zilizonyooka, maelfu kwa maelfu, zote zikikimbilia nukta moja kwenye upeo wa macho. Hakuna mandhari katika Tanzania yenye mistari ya kina kuliko ile. Tingatinga aliishi ndani yake. Kisha akachora chui mbele ya rangi moja tupu. Sijui moyo wake, ila hatuwezi kusema alikuwa hajawahi kuona umbali.

Jaribio kubwa la kuuingiza mtindo wake kwenye kompyuta ni mfululizo wa katuni wa Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi katika studio ya Homeboyz pamoja na Tiger Aspect ya Uingereza, ukaanza kuonyeshwa mwaka 2010 kwenye CBeebies, idhaa ya watoto ya BBC. Nauthamini. Wanyama wamejaa madoa na mistari, rangi hazioni haya, na kina kinapatikana kwa vitu kufunikana tu, hiki mbele ya kile, bila kuomba msaada wa ukungu. Kinachonikosesha raha ni kwamba ardhi ile ni Afrika ya jumla, mbuga isiyo na wilaya. Mtindo umesafiri, mahali pakabaki.

Na bado mbinu ile ya kufunikana ingekaa vizuri kabisa kwenye bahari iliyojipanga mikanda yenyewe. Ningependa mtu aijaribu Tongoni, kusini mwa mji, maji yakiwa yamekupwa, saa nne asubuhi: tope, mikoko, fungu, mwamba, kilindi, kila kimoja rangi moja tupu yenye ukingo mkali, na mvuvi mmoja amesimama kwenye mkanda wa tatu, mdogo kama punje ya mchele, maji yakimfika magotini.