Mfilisi, Msimamizi na Muhula: Uhakiki wa Istilahi katika Ulinganishi wa Sheria za Ufilisi wa Kampuni nchini Kenya na Marekani

Ulinganishi wa sheria za ufilisi aghalabu hufanywa kwa kuweka vifungu sambamba. Kwa njia hiyo, Kenya na Marekani huonekana kukaribiana. Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015, iliyofuata kwa karibu ile ya Uingereza ya mwaka 1986, huipa kampuni iliyolemewa na madeni kinga dhidi ya wadai wake ili jitihada za kuiokoa zifanyike, kama ifanyavyo Sura ya 11 ya sheria ya Marekani ya mwaka 1978. Hoja ya uhakiki huu ni kwamba ukaribu huo ni wa karatasi tu, na kwamba istilahi za Kiswahili tunazoutumia kuueleza hutoa hukumu kabla ya mahakama.

Tofauti kubwa ni nani anayebaki na funguo. Nchini Marekani, uongozi wa kampuni kwa kawaida huendelea kuiendesha chini ya uangalizi wa mahakama. United Airlines iliomba kinga Desemba 2002, ikatoka Februari 2006, na muda wote huo ndege zake ziliendelea kuruka. Nchini Kenya, uendeshaji huchukuliwa na msimamizi kutoka nje. Mkurugenzi anayejua kwamba kuomba kinga ni kukabidhi ofisi ana kila sababu ya kungoja. Nakumatt ilipowekwa chini ya msimamizi Januari 2018, madeni yake yalikuwa yamepita shilingi bilioni 30 na rafu za matawi yake mengi zilikuwa zimekwisha kuwa tupu. Januari 2020 wadai waliamua ifungwe.

Kuhusu istilahi, kitenzi “filisi” hubeba maana ya kumtwalia mtu mali yake yote kwa sababu ya deni. Sheria inayokusudia kuokoa kampuni tumeipa jina la hatua ileile inayotaka kuiepuka. Neno “msimamizi” nalo haliponyi, kwani katika mahakama zetu msimamizi anayefahamika zaidi ni wa mirathi, na mirathi haigawanywi mwenyewe akiwa hai. Msambazaji wa maziwa anayesikia kwamba duka limepata msimamizi atazuia mzigo wake, na duka lisilo na maziwa haliokoki.

Wapo watakaoieleza hali hii kwa methali ya “dawa ya deni ni kulipa”, kana kwamba utamaduni wetu haujui kusubiri. Maelezo hayo ni mepesi mno. Surat al-Baqara imeagiza mdaiwa mwenye dhiki asubiriwe hadi apate wasaa, na Kiswahili kina neno la muda huo, yaani “muhula”, ijapokuwa leo wengi hulihusisha na shule. “Kampuni iliyo katika muhula” humpa mdai habari tofauti na “kampuni iliyofilisika”, na ndiyo iliyo sahihi kisheria. Kwa Tanzania, ambayo Sheria yake ya Makampuni ya mwaka 2002 ina utaratibu unaofanana, uteuzi huu hauwezi kuahirishwa, kwa kuwa marekebisho ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama.